Mganga mbele ya mikro: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika kituo kimoja cha afya huku Katuba, Lubumbashi. Siku za kazi napima mimba na kuzalisha. Jumamosi alasiri, kama sina zamu, nakaa na mtu mmoja chumbani kwangu, tunafunga dirisha, tunaongea bila kufichana, na mazungumzo hayo yanatoka kama podikasti. Nilianza bila kujua kitu. Tangu wenzangu wasikie, simu yangu haipumziki: manesi, madaktari vijana, mtu wa maabara, hata mfamasia mmoja wa Ruashi. Wote wanataka kuanza na wote wanauliza yale yale. Nimechoka kurudia kwa ujumbe wa sauti, basi nimeyaandika hapa.

(Kwa wasomaji wa pwani: huku kwetu mganga ni daktari au muuguzi wa hospitali. Msinitafutie tunguri.)

Yaya (huku ni dada mkubwa), wewe hukusomea uandishi wa habari. Nani alikufundisha?

Karatasi na saa ya ukutani. Kipindi changu cha kwanza kilichukua dakika 22. Nilipokisikiliza nilikiona kizito kama bukari (ugali wetu) iliyolala, lakini sikujua kasoro iko wapi. Nikachora mstari katikati ya karatasi, mimi huku, mgeni kule, nikaandika kila mmoja ameongea sekunde ngapi kabla ya mwenzake kupokea. Mgeni alikuwa ameongea dakika 6 na kitu. Zilizobaki zote zilikuwa zangu, na humo nilikuwa nafundisha, kwa sauti ile ile ninayotumia asubuhi kuwasemesha akina mama kwenye benchi kuhusu chanjo na chandarua. Nilikuwa nimemwita mtu kwangu, nimempa kiti na maji, kisha nikamhubiria.

Fanya hesabu hiyo kwa kipindi chako cha kwanza kabla hujanunua kitu chochote. Inauma, lakini haina gharama.

Mbona tunashindwa kuhoji, na sisi kazi yetu ni kuuliza kutwa nzima?

Tunashindwa kwa sababu hiyo hiyo. Maswali yetu yana haraka ya kufika kwenye ugonjwa. Imeanza lini? Inauma wapi? Umetapika? Umekunywa dawa gani? Benchi limejaa tangu saa kumi na mbili asubuhi, na mgonjwa akianza kueleza habari za shemeji yake tunamrudisha kwenye tumbo. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walichapisha vipimo vyao: daktari alimkata mgonjwa kauli baada ya sekunde 18 kwa wastani. Nilicheka niliposoma. Kisha nikasikiliza rekodi zangu, kicheko kikaisha.

Kuna kosa moja linanichoma mpaka leo. Mgeni wangu wa tatu alikuwa mama mwenye mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. (Kazi yake na mtaa wake sivitaji.) Alikuwa anaeleza siku alipopewa majibu ya damu. Akasema, "Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango, halafu..." Akavuta pumzi. Mimi nesi nikaingia hapo hapo: "Na mtoto, alikuwa na homa?" Akajibu ndiyo, 39 na nusu. Tukaendelea na homa, na paracetamol, na kuongezewa damu. Nyuma ya ule mlango kulikuwa na kipindi kizima, na mimi niliupita kama mtu wa chanjo anayehesabu nyumba.

Sasa mgeni akinyamaza nahesabu vidole vyangu chini ya meza, kimoja mpaka vitano. Mara nyingi kwenye cha tatu au cha nne anaendelea mwenyewe. Asipoendelea, narudia maneno yake ya mwisho, basi: "Ukafunga mlango." Nasema hivyo bila kuuliza. Wenzangu madaktari ndio wanaopata shida zaidi na hili, kwa sababu kimya chumbani mwao kina maana ya kwamba mgonjwa amemaliza, aingie mwingine.

Basi niulize nini?

Uliza vitu na saa, achana na hisia. "Ulijisikiaje?" imechakaa, kila mtu anayo jibu lake tayari: nilijisikia vibaya, nikamwachia Mungu. Lakini ukiuliza "Usiku huo ulilala saa ngapi?" au "Nani alikuwa jikoni ulipoingia?" mtu anarudi mwenyewe ndani ya nyumba ile, na hisia zinakuja bila kuitwa. Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Ulimwambia nani wa kwanza, na nani hujamwambia mpaka leo?"

Ogopa "kwa nini". Mdomoni mwa mganga neno hilo ni kiboko. "Kwa nini ulichelewa kuja hospitali?" Mama aliyewahi kugombezwa kwenye maternite (wodi ya wazazi) akilisikia anajikunja. Sema, "Ilikuwaje mpaka mkafika hospitali siku ile?" Utasikia habari za pesa, za mume aliye safarini, za manseba (dereva wa pikipiki ya abiria) aliyekataa kumpandisha mwanamke mwenye uchungu kwenye pikipiki yake usiku. Jibu ni lile lile ulilolitaka, ila hajajitetea.

Na uliza swali moja kwa mara moja. Ukiuliza matatu pamoja, mgeni atajibu lile jepesi.

Mgeni akiongea waziwazi, si ndiyo kutoa siri?

Hili nililazimika kulijibu kabla ya kununua mikro. Kifungu cha 73 cha sheria ya jinai ya Kongo kinamwadhibu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake. Kwa VVU kuna sheria ya pekee, namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, inayowalinda wanaoishi na virusi. Lakini hata bila sheria, fikiria mji wetu. Sema tu "mama mmoja wa Kamalondo, mwenye mapacha mara mbili, mume wake yuko mgodini Kolwezi." Hujataja jina. Avenyu nzima imeshamjua, na kufika jioni mume naye ameshapigiwa simu.

Kwa hiyo mimi simwiti mtu ninayemtibu. Hata akiomba. Anayenitegemea kwa dawa yake hana uhuru wa kunikatalia, na anayesema ndiyo kwa kuniogopa hajakubali. Pia sisimulii visa vya wagonjwa wangu "kwa kubadilisha kidogo". Anayesimulia ni mwenye kisa, kwa hiari yake, na anasimulia cha kwake tu. Mama akisema yeye ana virusi, hiyo ni habari yake. Akisema mume wake ndiye aliyemletea, hapo nakata, kwa sababu majibu ya damu ya mume wake ni siri ya mume wake, na yeye hakukaa kwenye kiti changu.

Wengine wananiambia, "Si utabadilisha sauti kwa programu?" Jaribu. Mimi nilijaribu, nikaishusha sauti ya mgeni mpaka ikawa ya mzee, nikamsikilizisha dada yake kwa ruhusa yake. Hakumaliza hata dakika moja. Alimtambua kwa kikohozi na kwa namna yake ya kusema "njo vile" kila baada ya sentensi mbili.

Ruhusa naiomba mara tatu. Ya kwanza kwenye karatasi, siku kabla, naisoma kwa Kiswahili kwa sauti hata kama mgeni ni profesa. Ya pili mbele ya mikro, anasema mwenyewe kwamba amekubali. Ya tatu ndiyo yenye uzito: kipindi kikishakatwa na kupangwa anakuja kukisikiliza, mimi nikiwa kando, na ana siku 7 za kuniambia toa hiki, toa kile, au toa vyote. Namwambia wazi pia kwamba kikishaingia WhatsApp hakirudi. Nikikifuta kwangu, hakijafutika kwa wifi yako. Wageni wawili wamewahi kuja siku ya sita na kusema hapana. Nimefuta vipindi vyote viwili pamoja na nakala zake, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kizuri kuliko chochote kilichowahi kutoka. Nililia kidogo. Nikafuta.

Na mimi mwenyewe niseme yangu?

Kidogo, na mapema. Nilipomhoji nesi mwenzangu kuhusu uchovu wa kazi, dakika kumi za kwanza alijibu kama yuko mbele ya mkaguzi: kazi hii ni wito, tunamshukuru Mungu, changamoto hazikosekani. Nikamwambia kuna mwezi nilikuwa nikitoka zamu ya usiku naingia chooni, nafungulia bomba ili mtu asisikie ninalia, na kwamba simu ikilia baada ya saa nne usiku mkono bado unatetemeka. Akacheka. "Kumbe wewe ni choo?" Yeye alikuwa anatumia stoo ya dawa. Kutoka hapo karatasi yangu ya maswali ilibaki mezani mpaka mwisho.

Lakini kisa chako kikizidi dakika moja, umemnyang'anya mgeni kiti. Na usiseme kwa mara ya kwanza mbele ya mikro jambo ambalo hujawahi kumwambia mtu hata mmoja uso kwa uso. Mume wangu alijua habari za bomba kabla ya msikilizaji yeyote.

Mwajiri wangu atasemaje?

Muulize, usisubiri asikie. Mwenzangu mmoja alirekodi ndani ya chumba cha matibabu, jina la kituo likasikika mara mbili, akaitwa ofisini siku ya pili. Hakuwa amesema neno baya. Mimi sirekodi kazini, sivai koti jeupe kwenye picha ya kipindi, sitaji kituo changu, na nimemwandikia mkuu wangu barua ya ukurasa mmoja kueleza ninachofanya. Kumbuka pia kwamba daktari ana Baraza lake la taaluma, na tangu sheria ya Julai 2016 manesi nao wana lao. Malalamiko ya mgeni yanaweza kufika huko.

Ukimwita mtu mwizi wa dawa kwa jina lake, hapo umetoka kwenye mambo ya afya umeingia mahakamani. Kata.

Mgeni akilia nifanye nini?

Kulia si dharura. Msogezee maji, nyamaza, usimwambie "pole, jikaze". Neno "jikaze" amelisikia tangu alipokuwa mtoto. Baada ya muda muulize: tuendelee, tupumzike, au tuache? Ukiona anajibu kwa kukuridhisha tu, zima wewe.

Dharura ni pale anaposema kwamba anataka kujiua, au kwamba anayempiga bado wanalala naye chumba kimoja. Hapo kipindi kimekwisha. Nabonyeza kitufe, naiweka simu mbali aione iko mbali, na tangu hapo mimi si mwenyeji tena, ni nesi. Ndiyo maana kabla ya kurekodi mada nzito napanga kwanza nitampeleka kwa nani, na nakuwa nimeshaongea na mtu huyo. Ukianza kutafuta namba wakati mgeni anatetemeka, umechelewa.

Kwenye mambo ya kubakwa siulizi alifanywa nini. Msikilizaji hahitaji, na mgeni tayari ameulizwa hivyo polisi, hospitali na ukweni. Naulizia kilichofuata: nani alimwamini, nani alifunga mdomo, alipata wapi msaada. Na kila kipindi cha namna hiyo kina sentensi ambayo haikatwi hata muda ukiwa umekwisha: dawa za kuzuia VVU zianze kabla ya saa 72 kupita, za kuzuia mimba kabla ya saa 120, na kila saa ya mapema ina faida. Naisema polepole, mara mbili, kama mtu anayetoa namba ya simu.

Tuongee Kiswahili gani?

Kile unachoongea na mgonjwa wako. Msikilizaji mmoja wa Dodoma alinilaumu kwamba naharibu lugha. Siku hiyo hiyo mzee wa Kenya (komuni yetu ya Kenya, si ile nchi) akalalamika kwamba najifanya mtu wa Tanzania. Nikajua niko katikati panapofaa. Kundi la maigizo la Mufwankolo liliwachekesha na kuwafunza watu wa mji huu redioni na kwenye televisheni kwa miaka mingi, kwa Kiswahili cha huku huku, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Hatari kubwa ni Kifaransa chetu cha shule ya uuguzi. Ukisema drepanositozi, mama wa Katuba anafikiri ni ugonjwa mwingine tofauti na SS wa mtoto wake. Anza na jina la mtaani, ndipo uletee la kitabuni kama lina faida. Mgeni akiwa daktari, mwambie mapema kwamba utamsimamisha. Nina ishara: nikigusa sikio, maana yake "sema tena, kwa mama yako".

Daktari mmoja alieleza kwamba baba akiwa AS (amebeba S moja tu, haugui) na mama AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa SS. Ni kweli kabisa. Wiki iliyofuata nikapata ujumbe wa mama: "Basi mimi nina watoto watatu wazima, huyu wa nne ndiye atakuwa mgonjwa?" Nikagundua kwamba nusu ya wasikilizaji wangu wamesikia hivyo hivyo. Tukarudi kwenye mikro na vifuniko viwili vya chupa. Kimoja cha baba, kimoja cha mama. Kila kimoja kina upande wa A na upande wa S. Ukavirusha vyote viwili, vikiangukia S na S, ni SS. Okota, rusha tena. Je, vifuniko vinakumbuka vilivyoanguka mara iliyopita? Havikumbuki. Tulivirusha hewani mara 20, wasikilizaji wakisikia kile kimlio kwenye meza, na tuliwahi kupata SS mara mbili mfululizo, kisha kimya kirefu bila SS hata moja. Na jambo lingine likasikika lenyewe, bila mtu kulihubiri: kifuniko cha baba nacho kilikuwa mezani. Kule ukweni bado kuna wanaosema damu mbaya ni ya mama.

Wanaume wanakubali kuja?

Wanakubali, ila hawapendi kutazamana. Baba mmoja aliyekuja kuongea kuhusu tezi dume alijibu maneno mawili mawili kwa robo saa. Nikamwomba tuhamie kwenye gari la jirani lililoegeshwa paselini (uani), vioo juu, wote tunatazama mbele kama tuko njiani kwenda Likasi. Alifungulia kama mfereji. Na nikagundua kwamba gari ni studio nzuri: viti vinakunywa sauti, mwangwi hakuna.

Vifaa gani, na bei gani?

Anza na simu uliyo nayo. Kitakachokuangusha ni chumba. Sebule yenye ukuta mtupu na sementi chini inarudisha sauti kama kisima. Chumba cha kulala chenye godoro, pazia zito na vitenge vimetundikwa kinaimeza. Mimi nasimamisha godoro la watoto nyuma ya mgeni. Anacheka, hofu inapungua, na sauti inakuwa nzuri, basi nimepata matatu kwa godoro moja. Lakini jua kwamba godoro linazuia mwangwi wa ndani, halizuii kelele za nje. Jenereta ya jirani, kwaya inayofanya mazoezi, kinu cha mahindi: hizo unazikwepa kwa saa, si kwa blanketi. Kuanzia Novemba mpaka Machi mvua ikigonga mabati usibishane nayo. Funga, kunyweni chai.

Ukipata pesa kidogo nunua mikro mbili za kubana kwenye nguo, au zile za kushika mkononi za waimbaji kanisani, ambazo zinasikia cha karibu tu na kuacha cha mbali. Ya kubana ina adui wake: shanga, mkufu, na kitenge kipya chenye wanga kinachokwaruza. Muombe mgeni avue mkufu kabla hujaanza, maana katikati ya machozi hutaweza kumwambia. Ya mkononi iwe umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili herufi za P na B zisipige upepo. Angalia mshale wa sauti: ukipanda ufike kwenye desibeli -12, usiguse 0 kamwe. Sauti iliyopasuka haishonwi.

Weka simu kwenye hali ya ndege. Hili nimelilipia. Dakika ya 31 ya mazungumzo na mzee mmoja mkunga wa zamani, simu ikaita kutoka kazini, kinasa sauti kikazimika chenyewe, mimi sikuona. Tukaongea dakika nyingine 40 ambazo hazipo popote duniani isipokuwa kichwani mwangu na mwake.

Na kabla ya kumaliza rekodi sekunde 20 za chumba kikiwa kimya. Utazihitaji kuziba mahali ulipokata.

Mega za intaneti ni ghali. Kipindi kiwe kirefu kiasi gani?

Urefu kama wa safari ya taxi-bus kutoka Katuba mpaka mjini kukiwa na foleni. Mimi nalenga dakika 25 hadi 30. Rekodi yenyewe ihifadhi kwa WAV (faili kubwa isiyobanwa), na nusu saa ya sauti moja itakula karibu MB 170 kwenye kadi yako. Hiyo ibaki kwako. Ya kutuma igeuze MP3 ya njia moja, kilobiti 64 kwa sekunde: nusu saa ile ile inakuwa MB 14 hivi. Kwa maongezi hakuna atakayeona tofauti, hasa kwenye spika ya simu kando ya jiko la makala (makaa). Audacity inafanya kazi hiyo yote bure kwenye kompyuta ya zamani.

Pandisha pia kwenye huduma inayotoa anwani ya RSS, ili wenye programu za podikasti kama AntennaPod wakipate. Lakini usijidanganye: wasikilizaji wangu wengi wanakipata kwa WhatsApp na kwa Bluetooth, mkono kwa mkono, mwanzo wakati mwingine umekatika. Ndiyo maana jina la mada nalitaja tena katikati.

Nikate nini?

Kata maelezo yako. Acha pumzi za mgeni. Usihamishe jibu la swali moja ukalibandika kwenye jingine hata kama linakaa vizuri.

Wasikilizaji wananitumia dalili zao. Niwatibu?

Hapana. Huwezi kugusa tumbo kwa ujumbe wa sauti. Nina jibu moja niliyorekodi, la sekunde 40, linalosema hivyo kwa heshima na kutaja yale yasiyosubiri: mwenye mimba anayetoka damu, au mwenye kichwa kinachouma sana na macho yanayoona giza; mtoto asiyeweza kunyonya, mwenye degedege, au anayehema kwa shida. Hao waende sasa hivi, wasinisubiri mimi.

Lakini ukikosea hewani, sahihisha hewani, mwanzoni kabisa mwa kipindi kinachofuata, usifiche mwishoni. Mimi nilieleza maji ya mtoto anayeharisha, pale ambapo pakiti za duka la dawa hazipo: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Bibi mmoja akaniuliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, kijiko cha chai ao cha mboga?" Nilikaa chini. Nilikuwa nimesema "kijiko", basi. Chumvi ya nusu kijiko cha mboga, kile kikubwa cha mezani, inaweza kumdhuru mtoto ambaye tayari amekauka. Wiki hiyo sikungoja Jumamosi. Nilirekodi dakika moja jioni ile ile: ni kijiko cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, na nikagonga kijiko chenyewe kwenye glasi wasikie udogo wake.

Unapata pesa?

Sijapata. Wauza mitishamba wawili na mwenye vidonge vya "kusafisha damu" wamenipa bei za kuvutia. Mganga akitangaza dawa, sauti yake ndiyo inayouzwa, na yangu nataka niitumie tena Jumatatu kliniki. Mgeni nampa nauli ya kuja na kurudi, na chakula. Simlipi kwa kusimulia, maana anayelipwa huongeza chumvi.

Yule mama wa mlango, ulimrudia?

Kila ninaposimulia kisa hicho kwa wenzangu kuna anayeinua mkono kuuliza hili. Nilimwomba turekodi tena. Alikataa kwa upole, akasema ile moja imetosha. Miezi ikapita. Siku moja mvua ikatukamata wote wawili sokoni, chini ya turubali moja, yeye na beseni lake, mimi na gunia langu la makala, maji yakishuka pande zote nne. Nikamwambia, "Mama, siku ile nilikukata kauli." Akasema anajua, hata yeye aliliona. Halafu akanieleza kilichokuwa nyuma ya mlango, kama nusu saa nzima, na mimi sikuuliza swali hata moja.

Kipindi hicho hakipo. Msikitafute.